Tumeshughulika na Nguruwe, Mkojo Hatupimi

Barazani kwetu Mji wa Kale, juzi baada ya sala ya Isha, kahawa ilipoa vikombeni huku wazee kwa vijana wakibishana kama ni halali Muislamu kupandikizwa figo la nguruwe. Chanzo ni ile habari ya Boston ya Machi 2024, madaktari walipompandikiza mgonjwa figo la nguruwe aliyehaririwa jeni mara 69. Fikihi nawaachia masheikh. Kilichonikera ni kwamba nilipouliza nani amewahi kupimwa protini kwenye mkojo, kila mtu alitazama kikombe chake, ilhali nusu ya baraza ile humeza vidonge vya presha.

Presha na kisukari huharibu vichujio vya figo kimyakimya, na miguu inapovimba hata makubadhi yasiingie, mara nyingi mambo yamekwisha kuharibika. Dalili ya mapema ni albumini, yaani protini ya damu, inayovuja mkojoni, isiyoonekana kwa macho lakini inayonaswa kwa kikopo kimoja cha mkojo. Na kinga ipo: dapagliflozini, dawa iliyoanza kama ya kisukari, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa figo 4,304, wenye kisukari na wasio nacho, na jaribio likasimamishwa mapema kwa kuwa manufaa yalikwisha kudhihirika. Matokeo ya 2020 yalionyesha kuwa hatari ya figo kudhoofika vibaya au kufeli, au mgonjwa kufa kwa maradhi ya figo au moyo, ilipungua kwa asilimia 39. Kidonge kimoja kwa siku! Jaribio hilo lilifanyika katika nchi 21, na Afrika haikuwa na hata moja. Labda figo zetu zilidhaniwa ni za chuma.

Nakiri, shingo upande, kwamba utafiti wa nguruwe una maana, kwani figo za wanadamu za kupandikiza hazitoshi.

Lakini jirani yangu, ambaye sasa hulala kwenye mashine ya kusafisha damu kwa muda wa saa nne kila zamu, na ambaye mshipa wa mkono wake umetuna na hutetema ukiguswa, alihudhuria kliniki ya presha miaka mingi bila kukosa. Alipimwa presha, akaandikiwa vidonge, akapewa tarehe ya kurudi. Mkojo wake haukuulizwa na mtu. Wanasiasa wetu hukata utepe mashine mpya zinapofika. Vijiti vya kupimia mkojo, naelewa, havipendezi pichani.