Zulia lina jina la mfumaji, kikapu cha Turkana hakina

Katika duka la Hubbell, mjini Ganado, Arizona, kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani, kila zulia limefungiwa kikaratasi: jina la aliyelifuma, ukubwa, bei. Duka hilo lipo tangu 1878. Kikaratasi hicho kinanifurahisha, kisha kinanikera nikikumbuka vikapu vyetu vilivyorundikwa Nairobi bila hata herufi moja ya mama aliyevisuka.

Kwanza njia, maana najua mtauliza. Anayesafiri peke yake kutoka Gallup, New Mexico, anaimaliza kwa siku moja: Window Rock, barabara ya 264 hadi Ganado, kisha 191 kaskazini hadi Chinle. Ni kama kilomita 150, lami mwanzo hadi mwisho. Chinle ndiyo mlango wa korongo la Canyon de Chelly. Barabara ya ukingo wa kusini inaishia penye Spider Rock, nguzo ya mwamba mwekundu yenye urefu wa karibu mita 240, imesimama peke yake korongoni. Kwa masimulizi ya Wanavajo, huko juu ndiko anakokaa Mwanamke Buibui aliyewafundisha kufuma. Fika alasiri, jua likiwa nyuma yako. Ukingoni unatembea mwenyewe, ila kushuka korongoni kwa kawaida ni lazima uwe na mwongozaji Mnavajo, kwa sababu mle ndani watu wanaishi na kulima.

Kinachowapoteza wageni wengi ni saa. Arizona haisogezi saa majira ya joto, lakini ardhi ya Wanavajo inasogeza. Kuanzia Machi hadi Novemba anayetoka Phoenix anafika amechelewa saa nzima, na simu inarukaruka kati ya saa hizo mbili kulingana na mnara inaoukamata. Iwekee mwenyewe saa za Denver, ndizo zinazolingana na za Wanavajo, uiache hapo. Beba maji lita 4 za kunywa, na upepo wa tairi upime alfajiri kabla hujawasha gari. Ukipima saa sita mchana utaona umezidi, utapunguza, na usiku ukipoa unaendesha tairi legelege.

Sasa zulia lenyewe. Ligeuze uangalie ncha. Kwa Wanavajo uzi wa mtande, ule wa wima unaofumiwa juu yake, ni mmoja, unapanda na kushuka bila kukatwa, kwa hiyo ncha zinaishia safi. Ukikuta matamvua yananing'inia, uliza maswali, maana mara nyingi hiyo ni kazi ya kuigwa. Kisha liinue kwenye mwanga utafute mistari myembamba ya mshazari ndani ya rangi moja. Hapo mfumaji alimaliza kipande cha upande mmoja kabla ya kuhamia cha pili. Mashine haiachi alama hiyo. Kwenye bangili ya fedha na feruzi, geuza nyuma utafute muhuri wa fundi.

Nyuma ya kikaratasi kuna sheria. Kwa sheria ya 1990 ni kosa Marekani kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na wenyeji asilia wakati sivyo. Mtu binafsi anaweza kutozwa faini ya hadi dola 250,000 au kufungwa hadi miaka 5. Na inatumika: mwaka 2018 mfanyabiashara wa Albuquerque alipewa miezi 6 jela kwa kuuza vito vilivyotoka Ufilipino kama kazi ya Wamarekani asilia.

Hapo ndipo nasikia sauti: "Huyu kakaa ughaibuni miaka miwili mitatu, sasa anatufundisha." Hapana, jamani. Nyumba nyingi za Wanavajo hazina maji ya bomba hadi leo, na vito bandia bado vinauzwa waziwazi. Sisemi Arizona ni peponi. Na kwa jangwa, sina la kuwaonea wivu. Chalbi, kaskazini mwa Kenya, ukiivuka asubuhi kutoka Maikona kwenda Kalacha, na sarabi inakuonyesha maji yasiyokuwepo na ngamia wanaotembea hewani, hakuna barabara ya Arizona inayoifikia. (Mvua ikinyesha usithubutu: juu unaona ganda gumu, chini ni tope, na gari likizama peke yako hakuna wa kukuvuta.) Loiyangalani tuna Ziwa Turkana, lenye rangi ya feruzi hasa.

Kinachonichoma ni kwamba kikapu cha majani ya mkoma kutoka Turkana kinapita mikono ya madalali watatu wanne, na kila mkono unaongeza bei na kufuta kitu. Kwanza kinafutwa kijiji, kisha kabila, mwisho mama mwenyewe. Kikifika dukani kimebaki "Imetengenezwa Kenya", kimewekwa rafu moja na vya kiwandani, na mteja hana namna ya kuvitofautisha. Ndiyo maana anashusha bei bila haya: anabishana na rafu.

Mwingine atasema sanaa yetu ni ya jamii nzima, jina la mtu mmoja ni ubinafsi wa kizungu. Siafiki. Wasusi wenyewe wakiona kikapu wanamjua aliyekisuka kwa namna alivyofunga ukingo. Jina lipo, ila haliandikwi. Na jamii nayo ina sheria: ile ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazipa kaunti jukumu la kusajili. Kaunti isajili mtindo, kikaratasi kimtaje mtu. Havigombani.

Msiniambie gharama. Kadi ngumu ya ukubwa wa vidole vitatu, tundu moja, mistari minne: jina, kijiji, siku alizosuka, bei aliyoitaja yeye. Ikizidishwa njiani, mnunuzi aone imezidishwa kiasi gani. Isigandishwe kwa gundi, jua litaibandua. Wala isibanwe kwa pini, itashika kutu na kuchafua majani. Msusi aifunge kwa ukuti wa mkoma anapomaliza ukingo, ipite ndani ya msuko wenyewe, ili anayetaka kuitoa alazimike kukata kikapu.