Nyumbani kila adha ina mtu, huku haina hata wa kugombana naye

Nimeona tena ule ubishi wa nani ana maisha, aliye Ulaya au aliye Bongo. Waliopo nyumbani wanasema nyie matibabu bure, mshahara kila mwezi, mnalalamika nini, na waliopo huku wanasema nyie mnakula samaki wa leo leo na saa tatu usiku mshalala, mnataka nini tena. Mi ni mtu wa Mtwara, nimezaliwa Chikongola nikakulia Mikindani, sa hivi nipo Coventry kazi yangu kuhudumia wazee, na kwa maoni yangu wote mnabishania kitu sicho. Adha zipo kote jamani. Ila nyumbani kila adha ina mtu nyuma yake, unamjua jina na kwao, unaweza kumbembeleza au kumtukana, huku adha inakuja kwa barua au kwa meseji ambayo hata ukiijibu hakuna anayesoma. Na kuna mambo yanahitaji mtu, na kuna mambo ukiyaweka kwa mtu tu ushayaharibu. Hospitali kwangu mimi iko kwenye hayo ya pili.

Ila hilo la bure nilimalize kwanza maana linaniudhi. Anayekuja Uingereza kwa viza ya muda mrefu analipia afya kabla hajapanda ndege, tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na miaka yote ya viza inalipwa kwa mkupuo. Mi nilikuja kwa viza ya ndoa nikakuta bado ni 624 na mume wangu alishika kichwa hivyo hivyo. (Wenye viza ya wafanyakazi wa afya na wahudumu wa wazee wamesamehewa hiyo.) Ukishafika unakatwa kodi kwenye mshahara kama kila mtu, na dawa ukiwa England unalipia pauni 9.90 kwa kila aina uliyoandikiwa, ukiwa Scotland au Wales hulipi, wenyewe wanajua kwa nini. Meno ndo usiseme, daktari wa meno wa serikali anayepokea wagonjwa wapya unaweza kumtafuta mpaka jino lenyewe likate tamaa litoke.

Afu kumuona daktari wa mtaa. Unapiga simu saa mbili kamili asubuhi, na mtaa mzima unapiga saa mbili kamili asubuhi, mashine inakwambia upo wa kumi na nane kwenye foleni inakuwekea piano, mi hapo nimetoka kazini usiku macho yamevimba, ikifika zamu yangu naambiwa nafasi za leo zimeisha jaribu kesho saa mbili. Hakuna wa kumwambia dada yangu nisaidie, nimetoka mbali. Ukimwambia atakujibu kwa upole kabisa samahani, na jibu ni lile lile. Nimeshawahi kulia kwa hasira na simu mkononi, si kwa sababu ya kuumwa, ni ule upole.

Lakini sasa sikilizeni upande wa pili. Mwaka niliotimiza 40 ilikuja barua. Huku England watu wa miaka 40 mpaka 74 ambao hawana ugonjwa mkubwa unaojulikana wanaitwa kila baada ya miaka mitano kupimwa presha, mafuta kwenye damu, uzito na vitu kama hivyo. Sikuomba, simjui mtu pale, sina shemeji wala jirani anayefanya kazi pale. Nikaenda kivivu tu nikakutwa presha iko juu. Siumwi kitu! Nikapewa vidonge, basi, mpaka leo nakunywa.

Mjomba wangu kule Tandahimba presha yake ilijulikana siku alipoanguka shambani anapiga salfa, ile dawa ya ukungu ya mikorosho. Ilikuwa Julai, mikorosho ndo inaanza kutoa maua, wakambeba na bodaboda, mmoja nyuma kamshikilia. Na kitu cha kwanza kilichoandikwa kwenye grupu la ukoo, kabla hata ya anaendeleaje, ni "nani tunamfahamu pale hospitali?" Nyie wote mnajua ninachosema. Ikapatikana simu ya mtu aliyesoma na binamu yangu, ikapigwa, mjomba akaingizwa ndani. Binamu aliniambia pembeni yao kwenye benchi kulikuwa na bibi mmoja na mjukuu wake wametoka kijijini huko, kina mjomba waliwakuta pale na walipoondoka wakawaacha pale pale. Huyo bibi hakuwa na wa kumpigia. Kwa hiyo mtu akiniambia nyumbani kuna utu hospitali, namuuliza utu kwa nani, maana utu wa kujuana ni mtamu ukiwa wewe ndo unajulikana. Piano ya saa mbili asubuhi inanikera ila inawakera wote sawa, na mzungu wa jirani yangu mwenye gari kubwa naye anaisikiliza.

Na bado mjomba ni zaidi ya miaka 60, dirisha la wazee lipo, kumuona daktari kweli hakulipa. Ila dawa hamna, mkanunue nje. Duka la dawa la nje halina dirisha la wazee. Hapo sasa ndo hela inaingia kwenye ugonjwa, maana Julai mkulima wa korosho hana kitu, hela yote iko juu ya mti, na mtu wa kangomba, yule anayenunua korosho kabla hazijavunwa, anajua hilo kuliko daktari. Anakuja na pole zake, anakaa barazani, anakupa cash leo kwa korosho utakazookota Oktoba, kwa bei ya kukuonea huruma yeye mwenyewe. Kangomba imekatazwa, wote tunajua imekatazwa, na wote tunajua nani anafanya. Msimu wa 2024 mnadani bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, lakini aliyeuza Julai kwa ajili ya vidonge hizo 4,000 alizisikia redioni tu. Safari hiyo nilituma mimi ikawahi, hela kutoka huku mpaka kwenye simu kule ni dakika chache, hilo nalisifia.

Ndo maana nawacheka wanaosema sisi wa mshahara wa kila mwezi tunajua kupanga hela. Mkulima wa kule kwetu analipwa kwa msimu, tena baada ya kupeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, kusubiri mnada, kusubiri malipo yaingie, na kuna misimu kama ule wa 2018 mpaka jeshi limeingia kubeba korosho na watu wakangoja hela mpaka wakachoka. Na mwaka unaisha watoto wamekula wamesoma. Mimi nalipwa kila mwezi na tarehe ishirini sina kitu. Hela ya huku inajiondokea yenyewe: kodi ya halmashauri, umeme ambao hata kama hukuwasha taa unalipia kuunganishwa tu, simu, bima ya gari, kila mmoja ana siku yake anaingia kwenye akaunti anachukua hagongi hodi. Akikuta hamna, benki inakuweka kwenye ovadrafti, na tangu 2020 benki nyingi zinatoza kama asilimia 40 kwa mwaka. Sasa hiyo na kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, tofauti yake ni tai tu.

Hapo kwenye hela ndo namtaka mtu. Mama Mikindani ana daftari dukani, mchele, sabuni, mafuta, na muuza duka ananuna kweli, anapekua kurasa taratibu ili usikie aibu vizuri, lakini anaandika. Anajua korosho za shamba la mama zimeshapelekwa, anajua mwezi gani malipo yatatoka, pengine kuliko mama. Ukizidisha unapita njia ya nyuma ya msikiti wiki mbili usimuone, hiyo ndo riba yake. Benki yangu huku haijui nilikuwa na mgonjwa, na hata ingejua haina pa kuandika. Michango nayo nalalamika kama nyie, Desemba hela ya korosho ikitoka kila nyumba ina jando au unyago au harusi, na wa Ulaya mnamuandikia dau lake kabla hajasema. Natoa, nanung'unika, natumiwa video watoto wamependeza, yameisha. Hakuna video nitakayotumiwa na kampuni ya umeme.

Kuhusu mwili wenyewe sitaki uongo wa upande wowote. Mtu wa pwani, niliyekua jua linanichoma kichwa mpaka naona nyota, huku nakunywa vidonge vya vitamini D. Serikali yao inashauri mikrogramu 10 kwa siku vuli na kipupwe, na sisi weusi tufikirie kunywa mwaka mzima, maana Desemba saa kumi jioni ni giza na mi mchana nalala. Kazi ya usiku inakufanya ule saa tisa usiku mkate na chai ya maziwa, na kiuno ndo hicho. Lakini nyie wa kule mnaojisifia vyakula vya asili, hebu tusemane. Ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi vipo, sawa, na soda mchana ipo, chumvi ya kuongezea mezani ipo, na bodaboda kutoka nyumbani mpaka sokoni pale pale unapopaona kwa macho. Zamani bibi zetu walitembea Mikindani mpaka mjini na kikapu kichwani, nyie mnatembea kwenda wapi?

Na dawa hamnywi. Nampigia mjomba kila Jumapili.

"Shikamoo mjomba. Dawa umekunywa?"

"Marahaba mpwa wangu. Leo kichwa hakiniumi."

"Presha haisubiri kichwa kiume, mjomba."

"Sasa ninywe dawa na mimi mzima?"

Ananunua karatasi moja ya vidonge kumi, vikiisha anasubiri kichwa kigonge ndo akanunue tena. Nikituma hela ya boksi la mwezi mzima kwenye simu yake inageuka salfa, na kwa hesabu zake yuko sahihi, mkorosho usipopigwa salfa kwa wakati mwakani hamna dawa wala chakula. Kwa hiyo sa hivi hela haipiti kwake, nalipa kwa lipa namba ya duka la dawa moja kwa moja, na yule dada wa dukani anampa binti wa binamu yangu boksi, akichelewa kuja ananitumia meseji mwenyewe "mzee hajachukua". Huyo dada simlipi chochote.

Mwaka juzi nikampelekea na kile kipimo cha presha cha kufunga mkononi. Basi sa hivi baraza la mjomba limekuwa zahanati, jioni wazee wanakuja wanapimwa, anawaandika kwenye daftari la shule, na nimesikia aliyewahi ndo anatangulia, hata mwenyekiti wa kijiji alikalishwa nyuma. Betri zinaisha upesi kwa fujo hizo. Zinachukuliwa dukani kwa mkopo, na jina lililoandikwa pale ni langu.