Nondo, Chumvi na Kusi: Zege Lina Nafasi Gani katika Nyumba ya Pwani?

Katika mitaa iliyopakana na bahari, iwe Msasani, Kigamboni, Nyali au Shangani, hauhitajiki utaalamu wowote kuitambua dalili ya kwanza. Chini ya roshani ya ghorofani hutokea ufa mwembamba ulionyooka, ukifuata mstari wa nondo iliyo ndani. Baadaye ufa huo hutoa doa la kahawia, kisha kipande cha zege hubanduka na kuiacha nondo wazi, imejaa magamba ya kutu. Mwenye nyumba humwita fundi, fundi huziba kwa saruji na mchanga, rangi hupakwa, na haupiti muda mrefu ufa hujitokeza tena pembeni kidogo ya pale palipozibwa.

Hali hiyo imezaa mabishano ya muda mrefu kuhusu namna ya kujenga pwani. Wako wanaoshikilia kwamba zege la nondo ni mgeni asiyeyajua mazingira haya, na kwamba busara ni kurudi kwenye mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vilivyowahifadhi watu wa Kilwa, Lamu na Unguja kwa karne nyingi. Wako pia wanaojibu kwamba zege halina kosa lolote, ila limekosewa na wajenzi, na kwamba likifanywa inavyopaswa hudumu miaka 50 na zaidi hata mbele ya mawimbi. Kila upande una ushahidi wake, lakini kila upande hukwepa swali moja gumu la mwenzake, na maswali hayo mawili ndiyo yanayopaswa kumwongoza mtu anayetaka kujenga leo.

Tuanze na kinachotokea ndani ya zege. Saruji iliyoganda ina ualikali mkubwa, yaani hali iliyo kinyume cha asidi, kiwango cha pH cha 12 hadi 13, na katika hali hiyo nondo hujijengea utando mwembamba sana unaozuia kutu. Chumvi ya bahari hubeba kloridi, ambayo hupenya kidogo kidogo kupitia vitundu vya zege. Ikishafika kwenye nondo kwa wingi wa kutosha, utando ule huvunjika ijapokuwa zege lenyewe bado lina ualikali wake. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara mbili na hata zaidi, na kwa kuwa zege halivumilii kuvutwa, hupasuka kutoka ndani. Upepo wa kusi na wa kaskazi hubeba matone ya maji ya chumvi hadi ukutani, na nyumba zilizo katika mita mia chache za mwanzo kutoka ufukweni ndizo zinazopata sehemu kubwa zaidi ya mzigo huo. Joto la pwani nalo huharakisha kila hatua.

Watetezi wa chokaa wana hoja nzito hapa: penye ukuta usio na chuma, hakuna cha kushika kutu. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani una matao na kuba zilizojengwa kwa vipande vya matumbawe vilivyoshikanishwa na chokaa, yaani zege lisilo na nondo hata moja, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imesimama kwa karne nyingi ikipigwa na upepo uleule. Kuta nene za Lamu na za Mji Mkongwe hunywa unyevu na kuutoa, na ndiyo maana wahifadhi wanapinga kuzipiga plasta ya saruji, kwa kuwa plasta hiyo hufungia maji ndani na kuuozesha ukuta uliokuwa salama.

Swali wanalolikwepa ni la paa na sakafu ya juu. Majengo hayo ya kale yalibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ambao mara nyingi haufiki mita tatu. Boriti nazo huoza zinapovujiwa, na huliwa na wadudu. Zaidi ya hapo, chokaa ya kale ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo, na tumeona uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya chokaa ulivyoharibu miamba ya Mafia na Mikindani. Mtu anayetaka mitaa mizima ya Dar es Salaam au Mombasa irudi kwenye ujenzi huo aseme kwanza matumbawe na mikoko hiyo itatoka wapi. Na wala mawe na chokaa si kinga dhidi ya uzembe: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo.

Upande wa zege nao una hesabu zake, na ni hesabu nzuri. Viwango vya Ulaya, ambavyo wahandisi wengi wa kwetu wanavifuata, huliweka jengo linalopigwa na hewa ya chumvi bila kuguswa na maji ya bahari katika daraja lake maalumu. Kwa daraja hilo hupendekezwa saruji isiyopungua kilo 300 kwa kila mita moja ya ujazo, maji yasiyozidi nusu ya uzito wa saruji, na tabaka la zege juu ya nondo, ambalo mafundi huliita kava, lisilopungua milimita 35, pamoja na nyongeza ya kama milimita 10 kwa ajili ya makosa ya kazi. Kava ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu muda wa chumvi kufika kwenye nondo huongezeka takriban kwa mraba wa unene wake. Kava likipungua kutoka milimita 40 hadi 20, muda huo haupungui kwa nusu, bali hubaki karibu robo. Kwa maneno mengine, sentimita mbili za uzembe zinaweza kuigeuza kinga ya miaka 40 kuwa ya miaka 10, na hakuna rangi ya ukutani itakayoirudisha.

Lakini swali ambalo upande huu nao hulikwepa ni la usimamizi: hesabu hizo ni za karatasini, na nyumba hujengwa uani. Nyumba nyingi za watu binafsi katika pwani yetu husimamiwa na fundi na mwenye nyumba bila mhandisi, na hapo ndipo jibu la wahandisi, kwamba tatizo ni ujenzi mbovu tu, linapokuwa jepesi mno. Tazama siku ya kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa. Zege huchanganywa chini na kupandishwa kwa karai kutoka mkono hadi mkono. Jua linapowaka, mchanganyiko hukaza kabla haujasambazwa, na mtu hunyanyua ndoo na kuongeza maji ili uteleze. Kila ndoo ya aina hiyo huacha vitundu zaidi pale maji yatakapokauka, na vitundu hivyo ndivyo njia ya chumvi. Nondo zilizopaswa kuinuliwa kwa vile vitofali vidogo vya saruji vinavyoitwa biskuti huinuliwa kwa kokoto, na kokoto huteleza mara tu vibarua wanapozikanyaga nondo, hata nondo ikalala juu ya ubao. Fomu, yaani mbao zinazoshikilia zege likiganda, ikifunguliwa, mstari wa nondo huonekana kwa macho, na dawa yake huwa plasta. Plasta haihesabiki kuwa kava. Ni nyepesi, ina vitundu vingi, na mara nyingi haikushikana vizuri na zege. Kosa lingine ni kupima kava kutoka kwenye nondo kuu ilhali ringi, chuma chembamba kinachozizunguka nondo kuu, ndiyo iliyo nje zaidi na ndiyo itakayoanza kuoza.

Suala la maji lina hesabu inayofaa kuonyeshwa yote, kwa kuwa wengi huliona dogo. Maji ya bahari yana kama gramu 19 za kloridi kwa lita. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukichanganywa na lita 25 za maji hayo, kloridi inayoingia hukaribia gramu 475, sawa na asilimia 0.95 ya uzito wa saruji, wakati kikomo cha kawaida kwa zege la nondo ni asilimia 0.4, na panapotakiwa uangalifu zaidi asilimia 0.2. Ni wachache watakaochota maji baharini, lakini kisima cha maji ya chumvi kipo karibu kila mtaa, na kikomo cha maji ya kuchanganyia zege la nondo ni gramu moja tu ya kloridi kwa lita. Kisima chenye gramu nne, peke yake, humaliza ile asilimia 0.2 yote kabla upepo haujaleta chochote. Mchanga wa ufukweni usiooshwa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huongeza mzigo huohuo. Ukiwa na maji hayo, kava hata la milimita 50 halikusaidii, kwa sababu adui umemjengea ndani.

Kokoto nazo zinatofautiana, ingawa umuhimu wake ni mdogo kuliko wa maji: zile za mawe ya matumbawe, kama za Kunduchi, hunywa maji zaidi kuliko za mwamba mgumu wa Lugoba. Katika saruji, zile zilizochanganywa na pozolana, yaani majivu ya volkano, huizuia kloridi vizuri kuliko saruji tupu, ila kwa sharti moja ambalo husahaulika: zinahitaji kumwagiliwa maji kwa muda mrefu zaidi, wiki mbili badala ya moja. Slabu inayomwagiliwa siku tatu na kuachwa juani haina faida hiyo hata kama mfuko ulikuwa wa bei ya juu.

Baadhi ya watu huona njia ya mkato kwenye nondo zilizopakwa epoksi, aina ya utando mgumu wa plastiki. Florida, nchini Marekani, ilizitumia katika madaraja ya visiwa vya Keys, na kutu ilionekana kwenye nguzo za madaraja hayo kabla ya miaka kumi kupita, kwani utando ulikuwa na mikwaruzo na chumvi ilipita humo. Chuma kisichoshika kutu hufanya kazi kweli, lakini bei yake ni mara kadhaa ya nondo ya kawaida.

Kwa mtazamo wangu, tukikubali kwamba usimamizi hafifu ndio hali halisi, swali sahihi ni kiasi gani cha zege la nondo nyumba ya pwani inakihitaji, na mahali gani. Nyumba ya chini yenye kuta za tofali za saruji au za mawe yaliyokatwa, iliyokaa juu ya mwamba wa matumbawe, mara nyingi inaweza kuwa na msingi wa zege tupu na nondo zikabaki kwenye lenta pekee, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Hapo chumvi huharibu rangi na kutoa unga mweupe ukutani, jambo la kuudhi lakini si la kuangusha nyumba. Roshani zinazoelekea baharini, vibao vyembamba vya zege juu ya madirisha na nguzo za mapambo ni chuma kilichowekwa mahali pabaya zaidi kwa faida ndogo. Upenu mrefu wa paa huleta kivuli na kuzuia mvua bila kuhitaji nondo hata moja.

Wenye viwanja vidogo watapinga, na wana haki. Ardhi ya Mji Mkongwe, Kariakoo au mtaa wa Majengo wa Mombasa haikuruhusu kujitandaza. Familia ikikua hupanda juu, na ghorofa ya kupangisha ndiyo pensheni ya wengi. Kwao slabu haikwepeki. Basi slabu iwe moja iliyofanywa vizuri, iliyofunikwa na kuta, isiyotokeza nje, na fedha iliyokusudiwa kwa roshani ilipie biskuti, maji baridi yanayoletwa kwa gari na siku moja ya mhandisi kukagua nondo kabla ya kumwaga. Ukaguzi huo lazima ufanyike kabla, kwa kuwa matengenezo ya baadaye ni ghali na yenye hila: doa moja likizibwa kwa zege jipya, nondo iliyo pembezoni mwa kiraka, ambayo bado imezungukwa na zege lenye chumvi, huanza kuoza kwa kasi zaidi kuliko awali. Fundi anayeitwa kuziba anapaswa kukata zege lote lenye chumvi hadi nyuma ya nondo, na kazi ya namna hiyo hufika kugharimu kuliko roshani yenyewe ilivyogharimu kujengwa.