Na mgambo je?

Mwandishi wa makala ya Siku ya Mashujaa ya Tanzania ameeleza vizuri mkuki na ngao zilivyowekwa mnarani Julai 25 kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani. Sawa, wanastahili. Ila mbona mgambo hawajatajwa hata kwa mstari mmoja? Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, 1978 hadi 1979, havikupiganwa na jeshi letu, JWTZ, peke yake. Raia walitolewa vijijini, wakapewa bunduki, wakavuka mpaka. Baba yangu mdogo alikuwemo. Mpaka leo goti halikunji, chuma kimo humo humo, na kila akifuatilia mafao anaambiwa alete barua ya kikosi. Kikosi gani, jamani, mtu alitolewa shambani? Waliolala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo, tunawaheshimu. Hawa wazee waliobaki wapeni basi hata bima ya matibabu, gwaride litasubiri.