Chuo cha dini kisijifanye baraza la ndoa

Mwaka 2008 mhadhiri wa Kiingereza aliacha kazi katika Chuo cha Wheaton, jimbo la Illinois, baada ya kufundisha hapo miaka mingi. Kosa lake halikuwa darasani. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, na chuo kilitaka aeleze kisa, kipime kama talaka hiyo inaingia kwenye zile Biblia inazozikubali: uzinzi au kutelekezwa. Akakataa kueleza, basi.

Utasema alisaini mwenyewe. Kweli. Wheaton ni chuo cha Wakristo wa kiinjili tangu 1860, wafanyakazi wake hukubali agano la maadili, na Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya 1964 inaruhusu taasisi za dini kuajiri watu wa imani yao. Sina ugomvi na hilo. Ustadhi wa madrasa akionekana baa kila Jumamosi, asishangae wazazi wakihamisha watoto.

Ninachokataa ni lile swali. Ili mtu abaki na mshahara, inabidi amshitaki mwenzake: alizini, alinikimbia. Na huyo mwenzake hayupo kikaoni kujitetea. Aliyeamua kumsitiri mzazi wa watoto wake ndiye anayefungasha vitabu. Aliyemwanika anaendelea na vipindi. Kanuni iliyowekwa kulinda ndoa inamtunza anayetoa siri za chumbani.

Makanisa yetu nayo yana nidhamu. Mlutheri anayetengwa hushiriki ibada lakini haendi kwenye Meza ya Bwana. Huonana na wazee wa kanisa, akitubu anarudishwa kundini. Mara nyingine utaratibu huo unadhalilisha (binti mwenye mimba anatengwa, kijana aliyempa bado anaimba kwaya), ila njia ya kurudi ipo. Mwajiri hana njia hiyo. Yeye anakata mshahara, na kwa Marekani, ambako wengi hupata bima ya afya kupitia kazini, anakuwa ameigusa na dawa ya mtoto.

Halafu dhambi zenyewe hazikai mahali pamoja. Wheaton ilikataza wanafunzi wake kucheza dansi hadi 2003. Mwaka huohuo ikawaruhusu wafanyakazi kunywa pombe nje ya chuo. Glasi ya divai iliyokuwa kosa la kazi 2002 ikawa hiari ya mtu 2004, na hakuna aya ya Biblia iliyoongezwa katikati.

Chuo kina haki ya kujua mwalimu wake anafundisha nini na anaishije na wanafunzi. Kwa Tanzania, rushwa ya ngono imetajwa waziwazi katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na malalamiko ya mabinti kuombwa ngono ili wapewe alama ni ya siku nyingi. Kamati ya maadili inayotafuta kazi ianzie huko, ofisini kwa msahihishaji wa mitihani, iache kupekua hati za talaka.