Ng'ombe, Vina na Kicheko cha Seneti

Machi 2011, Seneta Harry Reid wa Nevada alisimama katika Seneti ya Marekani kutetea fedha za umma za sanaa na utamaduni zisifyekwe kwenye bajeti. Akatoa mfano wa jimboni kwake: tamasha la mashairi ya makauboi linalofanyika kila Januari katika mji wa Elko. Bila fedha hizo, alisema, makumi ya maelfu ya watu wanaokwenda huko kila mwaka wasingekuwapo. Wapinzani wake wakapata cha kuchekea. Nchi inadaiwa matrilioni, na mzee huyu anatuletea washairi wa ng'ombe!

Reid mwenyewe alijiponza. Elko ni mji wa watu kama 20,000, na wageni wa tamasha huhesabika kwa maelfu, si kwa makumi ya maelfu. Mtetezi akizidisha chumvi, wote wanasusa chakula, hata kama mboga yenyewe ilikuwa nzuri.

Wanaolaumu hawana hoja dhaifu. Wanasema kauboi huyu anayesifiwa ni kivuli. Enzi ya kuswaga makundi makubwa kutoka Texas kwenda kwenye reli ilidumu kama miaka 20 tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865. Waya wa miiba na reli zenyewe vikaifunga. Kilichobaki, wanasema, ni kofia pana juu ya kichwa cha daktari wa meno wa mjini anayejifanya kauboi. Halafu kuna suala la ardhi, na hapo wanachoma kwelikweli. Takriban asilimia 80 ya Nevada ni mali ya serikali kuu. Wenye ranchi hulisha humo kwa ada ambayo kuanzia 2019 hadi 2025 ilikuwa dola 1.35 kwa mwezi kwa ng'ombe na ndama wake, wakati malisho ya mtu binafsi huko magharibi yanazidi dola 20. Mtu anayekula kwa mgongo wa serikali, kisha anapanda jukwaani kusifu kujitegemea kwake, tena jukwaa lenyewe lina ruzuku? Hoja hiyo ina meno.

Lakini mimi huwa nasimama kwenye neno moja ambalo wachekaji hulipita mbio: Januari.

Elko iko mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, katika nyanda kavu za kaskazini mwa Nevada. Januari kuna theluji, na usiku baridi hushuka mbali chini ya sifuri. Kutoka Salt Lake City ni kilomita karibu 370 za barabara kuu, na barafu juu yake. Hakuna mfanyabiashara wa utalii mwenye akili timamu angechagua mwezi huo. Angeweka Julai, watoto wamefunga shule, jua linawaka. Tamasha lilipoanza mwaka 1985, wakusanyaji wa fasihi simulizi kama Hal Cannon, pamoja na Waddie Mitchell, aliyekuwa mchunga ng'ombe wa kuajiriwa, waliuweka wakati huo kwa sababu ndio mchunga ng'ombe anaweza kubanduka. Ndama wameshauzwa tangu vuli, wapya hawajaanza kuzaliwa, shughuli ya kupiga chapa iko mbali. Hata hivyo ng'ombe wanataka kula kila siku, kwa hiyo ni lazima jirani akubali kukufungulia marobota ya nyasi kwenye theluji ukiwa huko unaghani. Kalenda hiyo haikupangwa na daktari wa meno.

Ushairi wenyewe nao una asili ya kazi. Zamani, katika zamu ya usiku, wapanda farasi wawili walilizunguka kundi lililolala, huyu akienda kulia na yule kushoto, wakiimba polepole. Ng'ombe aliyesikia sauti anayoijua hakushtuka kwa kijiti kilichovunjika. Na kundi likishtuka gizani, watu hufa. Mtu wa namna hiyo hakubeba kitabu. Alibeba shairi kichwani, na msomaji aliyekua akisikia tenzi zikighanwa hahitaji kuelezwa vina vina kazi gani hapo. Wasomi wa vyuo wanaosema haya ni mashairi ya kitoto kwa kuwa yana vina wanayapima kwa mizani ya ukurasa, ilhali yametungwa kwa ajili ya sikio.

Wala si yote ni kujisifu. Wallace McRae, mfugaji wa Montana aliyetunukiwa heshima ya taifa ya sanaa za jadi mwaka 1990, anajulikana kwa shairi ambamo kauboi mmoja anamweleza mwenzake kuzaliwa upya: utazikwa, utaota nyasi, farasi atakula ua lililoota juu yako, na mwisho utakuwa fungu la kinyesi njiani. Mwenzake anamtazama na kuona hajabadilika sana. McRae huyohuyo alitunga dhidi ya migodi ya makaa ya mawe iliyokuwa ikimega ardhi jirani na kwake. Hao ndio wanaoitwa kivuli.

Na ile ada ya 1.35? Ibaki mezani, ijadiliwe kama sera ya ardhi. Ila inamnufaisha mwenye ranchi, ambaye si lazima awe ndiye mwenye shairi. Kule Nevada kauboi huitwa buckaroo, neno lililotoka kwa vaquero la Kihispania, na wengi wao ni vibarua wa mshahara mdogo wanaolala nyumba ya mwajiri.

Lawama ninayoikubali zaidi wachekaji hawaigusi: nani amehesabiwa kuwa kauboi? Miongoni mwa wachunga ng'ombe wa enzi ile walikuwapo Weusi na Wameksiko wengi, ambao sinema iliwafuta. Tamasha limejaribu kurekebisha. 2018 lilitazama Wabaski, wahamiaji kutoka mpakani mwa Hispania na Ufaransa waliochunga kondoo Nevada, na 2020 makauboi Weusi. Washoshone, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ambao mkataba wao wa Ruby Valley wa 1863 uliwapa wazungu ruhusa ya kupita bila kuwakabidhi ardhi, bado wana mengi ya kudai kwa kila beti linalosifu nchi isiyo na mwenyewe.

Lingine ni umri. Sensa ya kilimo ya 2022 iliweka wastani wa umri wa wakulima na wafugaji wa Marekani kuwa miaka 58.1, na ruzuku ya sanaa haiwezi kumzaa kijana wa kupanda farasi saa kumi alfajiri. Ila waliopo wanafika Elko kila mwaka, wanaghani juma moja, kisha wanarudi barabarani kwenye barafu, kwa kuwa jirani amechoka kulisha na ng'ombe wa kwanza yu karibu kuzaa.