Mama Yake ni wa Ukoo Gani?

Jumamosi iliyopita nilitoka kwenye ukumbi mmoja hapa Buffalo, jimbo la New York, na hasira ambayo mpaka leo haijanishuka. Palikuwa na mchana wa kufundishana namna ya kutafuta asili ya familia: kahawa, biskuti, kompyuta sita ukutani, na bwana mmoja aliyekuja kutuelekeza. Nilikuwa nimemsindikiza mwenzangu wa kazini, mama wa makamo, Mseneca, mmoja wa wenyeji wa asili wa huku, kutoka Cattaraugus, eneo lililotengewa watu wake. Huu ni mwaka wa tano tunakunja mashuka pamoja kwenye nyumba ya wazee, na mwezi mzima alikuwa akiniambia anataka kujua bibi zake walikaa wapi kabla ya kufika Cattaraugus.

Bwana yule akamuuliza jina la ukoo la babu mzaa baba. Akalichapa. Majibu yakamiminika kwenye kioo, naye akafurahi kweli, akasema tumeanza vizuri. Mwenzangu akamwambia kwa upole: "Huyo ni babu yangu na ninampenda, lakini mimi si wa kwake. Mimi ni Kulungu." Bwana akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia, kisha akaandika jina la babu juu kabisa ya karatasi na kuchora mstari kushuka mpaka kwake.

Mstari ule ndio ulionichoma.

Sisi Waswahili lugha yetu imeshatutega hapa. Tunasema "jina la ukoo" tukimaanisha jina la mwisho kwenye kitambulisho, la baba au la babu. Kwa Mseneca jina hilo halina ukoo wowote ndani yake. Koo zao ni nane: Mbwamwitu, Dubu, Kobe na Biva upande mmoja, Kulungu, Sululu, Korongo na Kipanga upande wa pili. Unazaliwa ndani ya ukoo wa mama yako, humo unabaki, na humo huoi wala huolewi. Baba anakupa mapenzi, anakupa ndugu, anakupa jina la Kizungu kwenye vyeti. Ukoo hakupi, kwa sababu wake ni wa mama yake na unaishia kwake. Mimi ni Mluguru wa Matombo, haya sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Pasipoti yangu ina majina matatu, langu, la baba na la babu, yote ya wanaume, na lukolo langu, yaani ukoo wa mama, halimo hata kwa herufi moja. Nimeishi na pengo hilo bila kulitazama hadi Jumamosi ile.

Hebu wachukueni watu watatu ambao historia ya Waseneca haiwezi kusimuliwa bila wao.

Wa kwanza ni Cornplanter, Gaiantwaka kwa lugha yao, chifu aliyesaini na Marekani mkataba wa Fort Stanwix mwaka 1784 na ule wa Canandaigua mwaka 1794. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mholanzi kutoka Albany, John Abeel. Kwenye karatasi za Wazungu utamkuta ameandikwa kwa jina la baba huyo, lililopindwa kuwa O'Bail. Ukimfuata kwa jina hilo utatua Uholanzi. Lakini kwa Waseneca Cornplanter si nusu yao. Mama yake alikuwa Mbwamwitu, basi, imekwisha. Handsome Lake, nabii ambaye mafundisho yake ya mwaka 1799 yanasomwa mpaka leo kwenye nyumba ndefu, nyumba zao za ibada, alikuwa ndugu yake wa mama mmoja, na kwao huo ndio undugu wenye uzito.

Wa pili ni Mary Jemison. Alikuwa binti wa Kizungu, akatekwa Pennsylvania akiwa msichana katika vita vya Wafaransa na Waingereza, akapokewa na dada wawili wa Kiseneca waliokuwa wakimlilia kaka yao aliyeuawa. Walimpokea badala ya yule kaka. Kuanzia hapo alikuwa dada yao, na watoto aliowazaa walikuwa Waseneca kwa sababu mama yao ni Mseneca. Sasa tazameni jina. Aliolewa mara mbili, kwanza na mtu wa kabila la Delaware, kisha na Mseneca, na watoto wote waliokua waliitwa Jemison, kwa jina la mama. Kina Jemison wapo hapa mpaka leo, na mtafiti akiona jina hilo anadhani kulikuwa na mzee mmoja wa Kizungu aitwaye Jemison aliyeoa huku. Hakuwapo. Alikuwepo mwanamke, na jina lilipita kwake kama ukoo unavyopita. Katika mkataba wa Big Tree wa mwaka 1797, Waseneca walipouza karibu ardhi yao yote iliyobaki magharibi ya New York kwa dola 100,000, yeye alitengewa eneo la Gardeau kandokando ya mto Genesee, takriban ekari 18,000.

Wa tatu ndiye anayenihuzunisha. Arthur C. Parker alizaliwa Cattaraugus mwaka 1881. Babu yake, Nicholson Parker, alikuwa ndugu wa Ely Parker, yule aliyeandika kwa mkono wake masharti ya kusalimu amri kwa jeshi la Kusini pale Appomattox mwaka 1865, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Arthur alikulia mlemle, akawa msomi mkubwa wa mambo ya kale, akaongoza jumba la makumbusho la Rochester, akaandika juu ya Waseneca kuliko karibu mtu yeyote wa wakati wake. Lakini bibi yake mzaa baba alikuwa Mzungu, na mama yake pia alikuwa Mzungu. Kwa sheria ya Waseneca hakuzaliwa Mseneca. Ilibidi aasiliwe akiwa mtu mzima na kupewa jina. Ukichora ule mstari wa bwana wetu wa Jumamosi, Arthur Parker anatoka Mseneca safi na watoto wa Mary Jemison, kwa jina lao, wanatoka Wazungu. Mstari ule unageuza kila kitu chini juu, na mtu anaufundisha mchana kweupe, kwenye ardhi yenyewe ya Buffalo Creek iliyokuwa ya Waseneca.

Na karatasi zenyewe zinamuunga mkono, hapo ndipo uchungu ulipo. Chukueni sensa ya Wahindi ambayo jimbo la New York liliifanya mwaka 1845, iliyosimamiwa na Henry Schoolcraft. Mwenzangu ana nakala za kurasa zake, tumezitazama mara nyingi wakati wa mapumziko pale chumba cha kufulia, karatasi tumeilaza juu ya meza ya kukunjia. Kushoto kuna jina la mkuu wa nyumba. Baada ya hapo ni tarakimu tu: wanaume wangapi, wanawake wangapi, ekari ngapi zimelimwa, mavuno ya mahindi, ng'ombe, farasi, nguruwe. Mkuu wa nyumba ni mwanamume, isipokuwa akiwa hayupo. Mke ni tarakimu moja kwenye safu ya wanawake. Ng'ombe wake amehesabiwa, mahindi aliyoyapanda kwa mkono wake yamepimwa, na yeye jina hana. Na hawa ni watu ambao mashamba yalikuwa ya wanawake, nyumba zilikuwa za wanawake, na mama wa ukoo ndiye anayemsimika chifu na ndiye anayemvua pembe, alama ya uchifu, akiharibu. Karani alisimama mlangoni kwa mwanamke akauliza mwenye nyumba ni nani.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1848, Waseneca wa Cattaraugus na wa Allegany, eneo lao jingine, waliandika katiba yao. Ndani yake waliweka kwamba mkataba wowote wa kuuza ardhi hauna nguvu mpaka robo tatu ya wapiga kura wakubali, na robo tatu ya akina mama wa taifa nao wakubali. Walikuwa wametoka kuumwa na nyoka: mkataba wa Buffalo Creek wa mwaka 1838, uliojaa hongo na saini za kulazimisha, uliwanyang'anya ardhi hii ninayoishi mimi. Lakini katiba ileile iliwanyima wanawake kura ya kuchagua viongozi, na hawakuipata hadi mwaka 1964. Karatasi ya kigeni ikiingia nyumbani, mama ndiye wa kwanza kusogezwa pembeni, hata anapokuwa ndiye tegemeo.

Kuna na suala la majina. Mseneca hana jina moja la maisha. Jina la utotoni linawekwa chini, la ukubwani linachukuliwa, na yote ni mali ya ukoo: mtu akifa jina linarudi ghalani, kisha siku moja anapewa mwingine. Ely Parker alizaliwa Hasanoanda, na mwaka 1851 akapewa Donehogawa, jina la cheo la mlinzi wa mlango wa magharibi wa muungano wa mataifa yao, ambalo wengine walikuwa nalo kabla yake. Mtafiti anayekutana na jina lilelile kwenye karatasi mbili zilizopishana miaka 80 anaunganisha watu wawili kuwa mmoja. Akikutana na mtu mmoja mwenye majina matatu anamkata vipande vitatu. Dawa ni kujua jina hilo ni la ukoo gani, yaani tumerudi palepale kwa mama.

Wale wanaopima DNA kwa mate kwenye kichupa na kurudi na asilimia zao wakidai useneca, sina maneno mengi nao. Ukoo haumo kwenye mate. Serikali ya Marekani nayo ilipoandika vipimo vya damu kwenye orodha za Wahindi ilikuwa inapima kitu ambacho Waseneca hawakuwahi kukiuliza.

Najua nitajibiwa kwamba bila karatasi tusingejua hata haya. Sawa, nakubali, japo kwa shingo upande. Mkataba wa Canandaigua ni karatasi, na kwa ajili yake kitambaa cha pamba bado kinaletwa kila mwaka kama kilivyoahidiwa mwaka 1794. Sensa ya shirikisho ya mwaka 1900 ilikuwa na fomu ya pekee kwa Wahindi iliyouliza kabila la baba na kabila la mama, na swali hilo la pili limewasaidia wengi. Pia kuna mambo ambayo karatasi ndiyo iliyobaki. Bwawa la Kinzua lilipojengwa miaka ya 1960, mkataba huohuo ukavunjwa, takriban ekari 10,000 za Allegany zikachukuliwa na watu wapatao 600 wakahamishwa. Makaburi yalifukuliwa, la Cornplanter likiwamo. Hata hapa mtaani kwetu, kwenye makaburi ya zamani ya Buffam Street, mifupa ya Red Jacket, msemaji mashuhuri wa Waseneca, ilitolewa ikazikwa upya kwenye makaburi ya Forest Lawn mwaka 1884, na ya Mary Jemison ikapelekwa Letchworth mwaka 1874. Mtu hawezi hata kuufuata udongo. Basi karatasi zitunzwe, zisomwe, sizikatai. Ninachokataa ni kuanza nazo, na kumwambia mtu aliye hai mbele yako, anayejua ukoo wake, kwamba aandike kwanza jina la babu mzaa baba.

Jumapili nilikwenda kwake. Tulikaa jikoni, akampigia simu mama mdogo wa mama yake, bibi wa miaka 90 na ushee aliyeko Cattaraugus, akaweka sauti juu ili nami nisikie. Akamuomba amtajie akina mama kwa mpangilio, kuanzia mama wa mama. Bibi hakuuliza kwa nini. Alitaja mmoja, akasimama akaeleza alivyopenda kuvaa, akataja wa pili, akataja wa tatu aliyekufa akijifungua. Wa nne alikuwa msusi wa vikapu. Wa tano alikuwa mtoto mdogo walipohama Buffalo Creek. Mwenzangu alikuwa anaandika kwa penseli, mimi nimeshika zile kurasa za mwaka 1845.

Wa sita, bibi alisema, ndiye aliyemleta yule mtoto Cattaraugus, bila mume, mume alikuwa ameshakufa.

Mwenzangu akanitazama. Mjane ni mkuu wa nyumba. Mjane ana jina.

Tukaanza kupekua. Karani alikuwa ameyaandika majina ya Kiseneca kama sikio lake la Kiingereza lilivyoyakamata, silabi zimeunganishwa kwa vistari, nyingine zimefutwa na kuandikwa juu. Mwenzangu alisoma moja moja kwa sauti kwenye simu, majina ya wanawake peke yake, na baada ya kila moja bibi alisema hapana. Hapana. Hapana. Tulipofika ukurasa wa tatu akasoma jina moja vibaya kabisa, hata mimi nilisikia kuwa limekwenda mrama, na upande wa pili pakawa kimya. Kisha bibi akalitamka yeye, taratibu, lilivyo. Silitaji hapa, si langu kulitaja.

Pembeni mwa safu zile, mwanamke mmoja, wasichana wawili, ekari tatu, ng'ombe mmoja, mwenzangu akaandika kwa penseli: Kulungu.